UZI MAALUMU: Kufuatilia ukoo wa walowezi wa Australia (tafuta meli kwanza, jina baadaye)

#1 Mwanashajara

Wakuu, salaam.

Swali hili linarudi humu kila mara. Mtu ana jina la mhenga mmoja wa upande wa mke au mume, anajua alikwenda Australia enzi Uingereza ilipokuwa ikipeleka wafungwa huko, basi. Analiingiza kwenye Google, yanamwagika majina mia, anaokota linalompendeza. Baada ya mwezi ana mti wa ukoo unaogota kwa mfalme wa Uingereza, na hakuna tawi hata moja lililo lake.

Naweka utaratibu hapa, wadau mtaongeza nyama.

Kwanza, anza na kifo urudi nyuma. Waliozoea nyaraka za Uingereza hukimbilia sensa, maana kule kuna sensa ya kila miaka 10 yenye majina ya kaya nzima tangu 1841. Australia sahau hilo. Fomu zenye majina hazikutunzwa. Nyingi ziliharibiwa kwa makusudi mara hesabu ilipokamilika. Iliyobaki ya maana ni ya New South Wales ya Novemba 1828, yenye watu zaidi ya 36,000.

Kwa hiyo uti wa mgongo ni cheti cha kifo. Kila koloni ilianza usajili wa serikali kwa wakati wake: Tasmania (bado ikiitwa Van Diemen's Land) Desemba 1838, Australia Magharibi Septemba 1841, Australia Kusini Julai 1842, Victoria Julai 1853, New South Wales Machi 1856. Queensland ilikuwa ndani ya New South Wales hadi 1859, ndiyo maana vyeti vyake vya mwanzo vina sura ileile. Victoria nayo ilikatwa kutoka New South Wales Julai 1851, hivyo aliyefia Melbourne 1848 alifia New South Wales kwa mujibu wa karatasi.

Kichekesho ni kwamba waliochelewa kuanza ndio walioandika vizuri. Cheti cha kifo cha Victoria au New South Wales kilitakiwa kuwa na jina la baba na kazi yake, jina la mama na ukoo wake kabla ya kuolewa, mahali marehemu alipozaliwa, miaka aliyoishi kwenye makoloni na koloni gani, alifunga ndoa wapi, na nani, akiwa na umri gani, kisha watoto wote kwa majina na umri, hadi waliotangulia mbele ya haki. Tasmania na Australia Kusini walianza mapema lakini kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 vyeti vyao vya kifo havitaji wazazi. Ukikwama huko, tafuta kaka au dada wa marehemu aliyehamia Victoria akafia huko. Wazazi ni walewale.

Kipengele cha "miaka kwenye koloni" ndicho kinachofungua mlango. Alikufa 1878, cheti kinasema aliishi Victoria miaka 24: toa, unapata 1854. Tafuta meli za 1852 hadi 1856, usishike 1854 pekee, kwa sababu aliyejibu swali hilo si marehemu. Ni mwanawe au mkwewe au jirani, na alikisia.

Hapo ndipo tunafika kwenye meli, na meli ni nusu ya jina. Karani wa koloni akiwa na akina John Smith thelathini kwenye daftari aliwatenganisha kwa meli na mwaka wa kufika. Hata mwaka ni lazima, kwani meli moja ilifanya safari kadhaa. Ukiwa na jina bila meli, bado hujampata mtu.

#2 jongoo_mweusi

Mkuu, vyeti vinapatikana kwa kila mtu au mpaka uwe ndugu? Na si ghali?

#3 Mwanashajara

Faharasa unaiangalia bure mtandaoni, cheti ndicho unalipia. New South Wales inafungua vizazi baada ya miaka 100, ndoa baada ya 50, vifo baada ya 30. Majimbo mengine yana vipindi vyao, angalia kabla ya kulipa. Vya ndani ya muda huo ni vya wahusika.

Njia ya kupunguza gharama: kwa New South Wales kuna mawakala walioidhinishwa na msajili wanaokuandikia yaliyomo kwenye cheti kwa bei ya chini kuliko cheti chenyewe. Kwa utafiti inatosha. Victoria wanauza picha ya cheti cha kale, unalipa na kupakua papo hapo.

Kosa la kupoteza hela ni kununua cheti cha kuzaliwa cha mhenga aliyezaliwa Sydney kabla ya 1856. Msajili hana usajili wa wakati huo, ana nakala ya daftari la kanisa, na atakuuzia mistari miwili ambayo tayari umeiona kwenye faharasa. Tena tukio moja linaweza kuwa na namba mbili au tatu kwa sababu makanisa yalipeleka nakala zaidi ya moja, na watu hununua zote wakidhani ni watoto watatu. Kwa kipindi hicho tafuta picha ya daftari lenyewe la parokia, mara nyingi pembeni kuna majina ya wasimamizi au meli ya wazazi.

#4 Bi_Faharasa

Niongezee hapo kwenye makanisa, maana watu huhukumu dini ya mhenga kwa daftari alilobatizwa. Mapadri Wakatoliki walioteuliwa rasmi, John Joseph Therry na Philip Conolly, walifika Mei 1820. Kabla ya hapo Mkatoliki wa Ireland alikuwa hana pa kwenda, ukiacha kipindi kifupi sana, akafungishwa ndoa na kubatiziwa watoto na kasisi wa Kianglikana. Kwa hiyo ndoa ya 1812 kwenye kanisa la St John's, Parramatta, haikuambii chochote kuhusu dini yao. Orodha za wafungwa za baadaye, au sensa ya 1828, ndizo zinazotaja dini.

#5 Kilembwe_wa_Hobart

Mimi naomba upande wa wafungwa. Cheti cha kifo kinasema "alikuja huru" lakini miaka inaangukia 1831 na jina lake nalikuta kwenye orodha ya wafungwa. Niamini kipi?

#6 Karani_Mstaafu

Usiamini chochote mpaka upate karatasi ya tatu. Familia zilificha. Kati ya 1788 na 1868 walipelekwa wafungwa kama 162,000, na kizazi kilichofuata kilifanya kila njia wasijulikane: meli ilibadilishwa, miaka ilisogezwa mbele, au mtu "alizaliwa baharini". Lakini pia majina yanafanana, na huenda huyo mfungwa ni mtu mwingine kabisa.

Kwanza jua wafungwa walipelekwa wapi na lini. New South Wales kuanzia Januari 1788, na upelekaji ukasimamishwa 1840. Van Diemen's Land hadi 1853. Australia Magharibi ilianza kama koloni huru 1829, ikaomba wafungwa yenyewe, ikapokea wanaume tu, karibu 9,700, kuanzia 1850 hadi meli ya Hougoumont ilipotia nanga Fremantle Januari 1868. Australia Kusini haikupokea wafungwa moja kwa moja kutoka Uingereza. Kama ukoo wako umetokea Adelaide na mtu anakwambia mhenga alishushwa pale na pingu, mwambie alete karatasi.

Halafu fuata njia ya mfungwa hatua kwa hatua. Kila hatua ilizaa karatasi:

Hukumu. Kesi za London na Middlesex ziko kwenye kumbukumbu za mahakama ya Old Bailey, zimewekwa mtandaoni bure, za 1674 hadi 1913, na ushahidi mara nyingi umeandikwa neno kwa neno. Kesi za mikoani hazimo humo. Kwa hizo kuna daftari za wahalifu za Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza zilizoko Kew, London, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza: HO 27 kwa Uingereza na Wales, 1805 hadi 1892, zinakupa mahakama na tarehe. Baada ya hapo ndipo unawaandikia hifadhi ya kaunti husika.

Meli chakavu. Wengi walikaa kwanza kwenye meli zilizotiwa nanga mtoni zikitumika kama magereza. HO 9 ndiyo mfululizo wake.

Makabidhiano. Nahodha alikabidhi wafungwa kwa gavana pamoja na orodha. Orodha za mwanzo ni jina, mahakama, tarehe, kifungo, basi. Kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1820 zinanenepa: umri, kusoma na kuandika, dini, ndoa na idadi ya watoto, alikozaliwa, kazi, kosa, makosa ya nyuma, kimo, rangi ya macho na nywele, makovu na chanjo za mwilini. Soma hizo chanjo. Herufi za majina ya wazazi, mke na watoto zilichanjwa mkononi, na ni uthibitisho ambao hakuna wa kuughushi.

Kibali cha kujitafutia kazi. Aliyefungwa miaka 7 kwa kawaida alikipata baada ya 4, wa miaka 14 baada ya 6 hadi 8, wa maisha baada ya 8 au zaidi, akiwa na mwenendo mzuri. Kibali kinataja wilaya aliyoruhusiwa kuishi. Hapo ndipo unajua utafute daftari za kanisa gani.

Hati ya uhuru alipomaliza kifungo, au msamaha wa masharti, au msamaha kamili. Wa maisha hapati hati ya uhuru, anapata msamaha. Ukimkuta mfungwa wa maisha ana hati ya uhuru, umeunganisha watu wawili.

Sasa swali lako: tafuta ombi la ndoa. Mfungwa hakuoa bila ruhusa ya serikali, na kwa New South Wales daftari za maombi zipo za 1826 hadi 1851. Zinataja umri, meli na kifungo cha kila mmoja. Yaliyokataliwa ndiyo matamu zaidi, kwani sababu inaandikwa: alipofika alisema ana mke Cork, Ireland. Kama mke wa mhenga wako yumo kwenye ombi na meli inalingana na ile ya mfungwa, basi "alikuja huru" ni heshima ya familia tu.

#7 Kilembwe_wa_Hobart

Ubarikiwe mkuu. Ila "chanjo" unamaanisha tatuu?

#8 Karani_Mstaafu

Ndiyo, tatuu.

#9 Bi_Faharasa

Kwa Tasmania kazi ni nyepesi kuliko kwingine kote. Faharasa ya majina ya Libraries Tasmania ni bure, na picha ya ukurasa inafunguka palepale. Jua tu misimbo: CON31 ni mwenendo wa wanaume waliofika enzi za wafungwa kugawiwa kwa mabwana wawafanyie kazi, CON33 wanaume wa mfumo uliofuata baada yake, CON40 na CON41 ni hivyohivyo kwa wanawake, CON52 maombi ya ndoa. Mwandiko wa CON31 ni wa kubana, karani alijaza pembeni, juu na chini kadiri makosa yalivyoongezeka. Soma tarehe kwanza, uzipange, ndipo usome makosa.

Mwanamke mfungwa akitoweka kwenye karatasi kwa miezi tisa hadi kumi, angalia nyumba ya wanawake wafungwa, Cascades kule Hobart au Parramatta kwa New South Wales. Aliyeshika mimba akiwa kwa bwana alirudishwa huko. Mtoto akikua kidogo alipelekwa shule ya yatima hata kama mama yuko hai, hivyo neno "yatima" kwenye daftari hizo lisikufanye uwaue wazazi mapema.

Na vifupisho vya sensa ya 1828, maana vinawachanganya wengi: BC amezaliwa koloni, CF alikuja huru, FS amemaliza kifungo, TL ana kibali cha kujitafutia kazi, CP msamaha wa masharti, AP msamaha kamili, GS bado anatumikia. Pembeni kuna meli na mwaka wa kufika. Tahadhari: askari waliokuwa kazini hawamo humo.

#10 Mtu_wa_Bandari

Na waliokuja kwa hiari? Wengi wetu tunaoulizwa haya na wakwe si wazao wa wafungwa, ni wa wakati watu walipokimbilia machimbo ya dhahabu.

#11 Mwanashajara

Hapo tenganisha mambo mawili: aliyelipiwa nauli na aliyejilipia. Maskini aliyelipiwa na serikali kaandikwa vizuri kuliko tajiri wa kwenye kabini. Serikali ilitaka kujua imenunua nini.

Waliolipiwa, kuanzia miaka ya 1830: jina, umri, kazi, dini, kaunti, anasoma au hasomi. New South Wales ina orodha za aina mbili kwa safari nyingi, ya wakala na ya bodi iliyowakagua bandarini. Watu hupata ya wakala wakaridhika. Tafuta ya bodi, ndiyo inayotaja majina ya wazazi, kama wako hai na wanaishi wapi, na ndugu waliotangulia koloni. Huyo ndugu aliyetangulia ni mlango mwingine kabisa.

Aliyejilipia: "Bw. Brown", au "Brown, Mwingereza, 30". Faharasa ya Public Record Office Victoria (hifadhi ya nyaraka ya jimbo) ya abiria waliojilipia, 1852 hadi 1923, ni bure, lakini utakuta akina Brown wa kumwaga. Hapo orodha ya meli haithibitishi kitu. Unathibitisha kwa mambo ya pembeni: mtoto aliyezaliwa njiani akapewa jina la meli (lilikuwa jambo la kawaida), barua ya shukrani ya abiria kwa nahodha iliyochapwa gazetini na majina chini yake, au cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa kwanza pale Victoria. Cheti hicho kinataja tarehe na mahali pa ndoa ya wazazi pamoja na watoto waliotangulia. Kama mtoto wa tatu alizaliwa Liverpool 1852 na wa nne Ballarat 1855, umeshaibana safari.

Kuna makundi yenye nyaraka zake ya kuyajua kwa jina: wasichana mayatima zaidi ya 4,000 wa nyumba za maskini za Ireland waliopelekwa 1848 hadi 1850, na watu karibu 5,000 wa milima na visiwa vya Scotland waliosafirishwa kwa michango 1852 hadi 1857. Kwa meli za kuanzia 1924, acha hifadhi za majimbo, nenda Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa.

#12 Mtu_wa_Bandari

Magazeti je? Kila mtu anataja Trove lakini mimi nikiweka jina sipati kitu, au napata elfu nane.

#13 Bi_Faharasa

Trove ni ya Maktaba ya Taifa ya Australia, bure, magazeti tangu lile la Sydney la 1803 hadi karibu 1954 kwa mengi, baada ya hapo haki za wachapishaji zinaziba. Tatizo ni kwamba mashine ndiyo iliyosoma kurasa, na wino wa karne ya 19 unaidanganya: h inakuwa li, e inakuwa c, rn inakuwa m. Smith anageuka Smitli. Kwa hiyo:

Usiweke jina peke yake. Weka jina la ukoo na kijiji, au na jina la shamba, au la meli. Bana kwa jimbo na muongo, kisha chagua kundi la matangazo ya familia.

Mwanamke aliyeolewa mtafute kwa jina la mume. Mjane vilevile. Katika maisha yake yote gazeti linaweza lisitaje jina lake la kwanza hata mara moja.

Soma tangazo la kifo mpaka mstari wa mwisho. Ukiona ombi kwamba magazeti ya Clare (Ireland) au ya Fife (Scotland) yanakili tangazo hilo, basi huko ndiko kwao, ingawa cheti kimeandika "Ireland" au "Scotland" tu.

Ukipata makala yako, sahihisha maandishi pembeni ya picha. Mfumo unaruhusu msomaji yeyote, na kilembwe mwingine atakayemtafuta Smith hatalazimika kumtafuta kama Smitli.

Magazeti rasmi ya serikali ya New South Wales yamo pia: orodha za vibali, watoro, mifugo iliyopotea, barua ambazo hazikuchukuliwa posta. Hizi barua ni msaada mkubwa kwa mtu asiye na mali wala kesi.

#14 jongoo_mweusi

Wale wa Ireland ndio kiboko. Nikivuka bahari tu, giza.

#15 Karani_Mstaafu

Giza lina tarehe: Juni 1922, jengo la nyaraka Dublin liliungua kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Sensa za karne ya 19 karibu zote zilikwenda, na daftari za wafungwa waliohamishwa kabla ya 1836 nazo. Kilichopona ni daftari za 1836 na kuendelea, pamoja na maombi ya huruma ya wafungwa na wake zao tangu 1791. Kanzidata yake iko kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Ireland. Ombi la mke ni bora kuliko hukumu: linataja watoto, kijiji, paroko aliyetia saini.

Badala ya sensa tumia orodha za kodi. Zaka, 1823 hadi 1837, na tathmini ya Griffith, 1847 hadi 1864. Zinataja mkuu wa kaya tu, na eneo dogo kabisa la ardhi. Ndiyo maana narudia kila siku: usivuke bahari mpaka uwe na jina la parokia kutoka upande wa Australia. "Tipperary" haitoshi. Ni sawa na kusema mtu anatoka Kilimanjaro ukitaka kuijua nyumba yao.

Mtego mwingine: mahali pa hukumu si mahali pa kuzaliwa. Aliyehukumiwa Lancaster, Uingereza, anaweza kuwa mtu wa Mayo, Ireland, aliyekuja kuvuna. Na herufi O' mbele ya jina ilikuja na kuondoka, ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuzikwa mmoja Brien mwingine O'Brien.

#16 Bint_Juma

Naomba kujua wasio Waingereza. Nimesikia kulikuwa na Waislamu wa ngamia huko jangwani.

#17 Mwanashajara

Walikuwepo. Waliitwa wote "Waafghani" ingawa wengi walitoka Balochistan, Peshawar na Punjab. Wa kwanza walifika 1860 na ngamia wa msafara wa wavumbuzi Burke na Wills, na msikiti wa Adelaide ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1880. Kwa majina yao, msomaji wa pwani ataelewa haraka kuliko mzungu: karani alidhani jina la mwisho ni la ukoo, kumbe ni la baba. Watoto wa Fulani bin Mahomet wakawa ukoo wa Mahomet, na tahajia ikabadilika kila ofisi: Mahomed, Mahomet, Mohamed. Kutafuta kwa jina la ukoo ni kupoteza muda. Tafuta kwa mji, mfano Marree, na kwa kazi.

Baada ya sheria ya uhamiaji ya 1901, asiye mzungu aliyetaka kutoka na kurudi alihitaji hati ya kumsamehe mtihani wa imla, uliotumika kuwazuia wasio wazungu. Hati hizo ziko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, zina picha ya mbele na ya ubavu, na alama ya kiganja. Kwa familia nyingi za Kichina na za wenye ngamia hiyo ndiyo picha pekee ya babu.

Wachina: "Ah" si jina la ukoo, ni kiambishi cha kuitana. Jina lenyewe liko kwenye jiwe la kaburi kwa herufi za Kichina, pamoja na wilaya na kijiji. Usisafishe jiwe kwa kemikali, piga picha jua likiwa pembeni. Na kama alifika Victoria baada ya 1855 lakini meli haionekani Melbourne, angalia bandari ya Robe, Australia Kusini. Victoria iliweka kodi ya pauni 10 kwa kila Mchina aliyeshuka, wakashukia Robe na kutembea hadi machimboni.

Wajerumani Walutheri wa Australia Kusini, kuanzia 1838, wana nyaraka nzuri za makanisa, ziko Adelaide. Shida yao ni ramani: vita vya kwanza vilifanya majina ya Kijerumani yafutwe. Hahndorf ikawa Ambleside, Lobethal ikawa Tweedvale, Klemzig ikawa Gaza, na baadhi yakarudishwa 1935. Kuwa na ramani ya kabla na ya baada.

Kuhusu wenyeji wenyewe wa nchi, familia nyingi za walowezi zina bibi Mwaborijini ambaye hakuandikwa au ameandikwa jina moja. Nyaraka zao nyingi zina vizuizi. AIATSIS, taasisi ya utafiti wa wenyeji iliyoko Canberra, ina faharasa na watu wa kuelekeza. Kwa jamii nyingi kutaja jina au kuonyesha picha ya marehemu kunahitaji ruhusa ya ndugu, kwa hiyo usibandike kwenye mti wa wazi kabla ya kuuliza.

#18 Kilembwe_wa_Hobart

Kipimo cha DNA kinasaidia au ni biashara tu?

#19 Karani_Mstaafu

Kinasaidia kukanusha kuliko kuthibitisha. Jamaa mliochangia babu wa babu kwa wastani mnashiriki sentimogani (kipimo cha urefu wa DNA inayofanana) kama 73, na takriban mmoja kati ya kumi wa daraja hilo hashiriki chochote kinachopimika. Sogea kizazi kimoja tena, karibu nusu hawaonekani. Kwa hiyo "hatukulingana" haina maana kwamba si ndugu, na mhenga wa 1788 yuko mbali mno kwa jamaa mmoja kukuthibitishia.

Pima mzee kuliko wote aliye hai, siyo wewe. Panga waliolingana kwa makundi ya wanaolingana wao kwa wao, ndipo usome miti yao. Na miti hiyo ithibitishe kwa karatasi: miti kumi inayokubaliana mara nyingi ni mti mmoja ulionakiliwa mara tisa.

#20 Bint_Juma

Swali la mwisho: Waafrika walikuwamo kwenye meli za wafungwa?

#21 Mwanashajara

Tangu msafara wa kwanza, meli 11 zilizofika Januari 1788. Anayejulikana zaidi ni John Caesar, alihukumiwa Maidstone, Kent, 1786, akaja na meli ya Alexander, akawa mtoro wa kwanza wa msituni kujulikana, akauawa kwa risasi Februari 1796. Alikozaliwa panabishaniwa, wengine husema Madagascar, wengine Karibi.

Kundi linalotuhusu zaidi ni la Mauritius. Hadi miaka ya 1830 mahakama za kule zilipeleka wafungwa New South Wales na Van Diemen's Land, wakiwemo watumwa, na wapo walioandikwa kuwa wamezaliwa Msumbiji na Madagascar. Hapa kuwa mwangalifu: "Msumbiji" kwenye karatasi za Mauritius ilikuwa lebo ya pwani nzima. Wafaransa walinunua watu hadi Kilwa, mkataba wa Morice, mfanyabiashara Mfaransa wa watumwa, na Sultani wa Kilwa ni wa 1776. Mtu wa "Msumbiji" anaweza kuwa Mmakua, Myao, au mtu wa bara ya Kilwa.

Njia yake ni hii: orodha ya makabidhiano Sydney inakupa jina moja, tarehe ya hukumu na mahali pake, Port Louis, mji mkuu wa Mauritius. Kesi inataja bwana wake. Kwa jina la bwana unaingia kwenye daftari za watumwa za Mauritius, zinazoanza 1817, katika mfululizo T 71 ulioko Kew. Humo mtumwa ameandikwa chini ya bwana, pamoja na umri, kimo, asili na alama za mwilini. Linganisha kimo na alama na zile za orodha ya Sydney. Jina usilitegemee, maana bwana alimpa moja, karani wa meli akaliandika anavyosikia, na wa Sydney akalifanya la Kiingereza.

#22 Bint_Juma

T 71 inatafutika kwa jina la mtumwa?

#23 Bi_Faharasa

Anza na bwana, dada. Daftari zimepangwa kwa wamiliki. Ukianza na la mtumwa utawakuta akina Azor na Figaro shamba kwa shamba, na hutajua wako ni yupi mpaka ufike kwenye safu ya alama.